Mkono Uliouinua Ghalani

Sekela mwanangu,

Salamu za kuandika sina, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukifunga zipu ya begi na mama yako akikwambia uifungue tena aongeze kitu. Nimekaa hapa barazani, jua linashuka, na kesho asubuhi utasimama barabarani kungoja basi la Iringa. Ya safari mama yako ameshayamaliza: sweta likae juu ya begi, kwa sababu Nyololo kuna baridi la kuuma meno, usinunue vya dirishani, ukifika upige simu. Hayo mimi siyarudii. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba tangu mkutano ule wa ghalani, na kila nikitaka kulisema mdomo wangu unageukia habari za mbolea.

Unakwenda kuwa meneja wa chama cha wakulima wa mpunga. Watu watakukabidhi funguo na muhuri, na wengine watakuletea maneno matamu. Nataka uyasikie kutoka kwangu, si kwa majirani, yaliyonipata mimi nilipokaa na vitu hivyo mkononi muda mrefu. Mengi uliyaona, ila uliyaona ukiwa upande ule mwingine wa lango la mfereji.

Chama chetu hakikuanza na masharti wala muhuri. Kilianza na hasira. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa nimeshuka kutoka milimani Rungwe kufuata ardhi huku bondeni, nikalima kama walivyolima wote. Ukishavuna, mlanguzi anakuja na lori mpaka shambani, anakuja na magunia yake, na vijana wake wanashindilia mpunga mpaka gunia linaota kichwa juu ya mdomo, kisha wanakizungushia kamba na kukishona. Lumbesa. Wewe umeuza gunia moja, yeye ameondoka na gunia na nusu. Ukikataa, anawasha lori anakwenda kwa jirani, na jirani ana mtoto mgonjwa, atauza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimalizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka mmoja tukakubaliana, nyumba chache tu, kwamba hakuna atakayeuza peke yake. Mpunga wote tukauweka stoo ya kanisa. Mlanguzi akapita nyumba kwa nyumba, kila anapobisha anaambiwa, "Nenda kaulize stoo." Baadaye akarudi na vijana wengi kuliko kawaida, akasema kuna mtu kati yetu ameshakubali bei na yeye amekuja kuchukua mzigo wake. Kweli au uongo, hatukujua, na kila mmoja wetu alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Wanawake wakaingia stoo wakakaa juu ya magunia. Mama yako alikuwa mmoja wao, na wewe mgongoni kwake. Mimi nilisimama mlangoni. Vijana walituangalia, wakamwangalia tajiri wao, na tajiri akawaangalia wale wanawake kwa muda mrefu, kisha akapanda lori. Aliporudi tena alikuja na mizani.

Nakukumbusha hayo kwa sababu nilikuja kuyasahau mimi mwenyewe niliyekuwepo.

Waliponichagua mwenyekiti, nilikuwa bado naitwa baba Sekela. Kidogo kidogo likaja lile jingine, Mwenyekiti. Nikafika mahali nikiitwa kwa jina langu njiani sigeuki, nikiitwa Mwenyekiti nageuka. Muda wangu ulipokwisha kwa masharti yetu, watu wakasema endelea tu, Mwenyekiti, nani mwingine anaujua mfereji huu kama wewe. Nikaendelea. Na kweli niliujua. Nilijua lango lipi linavuja, nani anatoboa tuta la jaruba lake alfajiri ili aibe maji ya jirani. Kwenye mkutano mtu akianza maneno marefu, nilikuwa namalizia mimi sentensi yake ili tuendelee na jingine. Watu walicheka, na mimi nilidhani wanachekea ukali wa akili yangu.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame. Mto ulipungua mpaka pale kwenye banio, mfereji unapoanzia, maji yakawa yanapita chini ya mawe badala ya juu. Wa juu ya mfereji, ambao na mimi ni mmoja wao, tulikuwa tumepandikiza mapema na mpunga wetu ulikuwa umeshika mimba. Wa chini, kule mkiani, walikuwa wamechelewa na mpunga wao ulikuwa bado mchanga. Maji yale yasingetosha wote. Nilipiga hesabu hiyo peke yangu nikitembea juu ya tuta la mfereji, na mpaka leo naamini hesabu yenyewe ilikuwa sawa: tukiyagawa kwa zamu kama kawaida, wote tunakauka, tukifunga chini, nusu ya chama inavuna.

Nilijua linahitaji mkutano. Nikajiambia mkutano ni maneno, na jua haliwezi kungoja maneno. Nikamwita mgawa maji, nikamwambia afunge lango la chini na atie kufuli. Akaniuliza, "Bodi imekaa, Mwenyekiti?" Nikamwambia, "Wewe funga." Ufunguo nikautia mfuko wa shati.

Wewe ulikuwa Uyole kufuata mbegu za chama. Uliporudi ulipitia shamba lako kabla ya kufika nyumbani. Lile shamba la mkiani nilikupa mimi ulipomaliza chuo, ili uwe na hisa zako na usikilize mikutano kama mwanachama, si kama mtoto wa mwenyekiti. Uliingia hapa miguu ina vumbi jeupe la jaruba lililopasuka. Tulikuwa mezani.

"Tata, nani kafunga lango la chini?"

"Chama," nikasema.

"Chama kipi? Mimi ni mwanachama, sijaitwa."

"Kula, wali unapoa."

Hukula. Ulikaa ukiangalia mfuko wangu wa shati, na mimi nikaendelea kutafuna chakula kisicho na ladha. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi, mwanangu. Ukame haukuwa kosa langu. Kosa langu lilikuwa lile jibu la neno moja, chama, huku nikijua nimeamua mwenyewe, na tena nimeamua nikiwa na shamba juu ya lango. Hata kama hesabu ilikuwa sawa, nani wa kule chini angeiamini hesabu inayopigwa na mtu ambaye mpunga wake umenyweshwa?

Asubuhi yake watu wa chini wakaja. Unakumbuka walivyokuja, kimya. Watu wenye hasira ya kawaida huanza kupiga kelele tangu mbali. Wale walikuja na majembe na sururu begani kama wanakwenda kazini, mbele yao mama Zawadi, mjane wa Kisangu aliyekaa juu ya magunia pamoja na mama yako ile siku ya stoo. Wa juu nao wakasikia, wakaja na mapanga, wakasema wamekuja kulinda mali ya chama. Mimi nikapanda juu ya lango nikasimama pale. Nilidhani nikisimama hapo nitaonekana mkubwa.

Mama Zawadi alinisalimia. "Kamwene, Mwenyekiti." Nikaitikia. Akasema, "Shuka, tufungue."

"Mkifungua tunakosa wote."

"Sisi tumeshakosa. Sasa wewe unatuambia habari za wote."

Yohana, yule kijana wa kule juu mwenye shamba linalopakana na letu, akasogea na panga. Hakuliinua juu sana, ila aliliinua. Mwanaume mmoja wa chini akageuza sururu mkononi, ncha ikatazama mbele. Niliiona damu kabla haijamwagika. Niliiona kwenye maji ya mfereji, na nikajua itaandikwa kwa jina langu.

Ndipo ukapita katikati yao. Sikujua kama ulikuwa umenifuata. Ukasimama chini ya lango, ukainua uso, ukasema kwa heshima ile ile unayotumia ukinipa maji ya kunawa, "Tata, shuka." Nikatikisa kichwa. Nilidhani utaniomba ufunguo, na nilikuwa tayari kukunyima mbele ya watu. Hukuomba. Ukawageukia wao.

"Ufunguo ubaki kwake," ukasema. "Lakini hakuna anayeondoka hapa kabla hatujapanga mkutano wa dharura. Masharti yanaturuhusu wanachama tuuitishe wenyewe."

Mama Zawadi akakuuliza, "Mkutano wako utanyesha mvua, mwanangu?"

"Hautanyesha, mama. Lakini mkivunja lango leo, hata mvua ikija hatutakuwa na kitu cha kuigawia."

Alikuangalia. Kisha akaliteremsha jembe lake begani akalilaza chini, na wengine wakafuata, mmoja mmoja. Yohana alikuwa wa mwisho kushusha. Mimi nilishuka kutoka kwenye lango na hakuna aliyenitazama, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Kesho yake ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mzani. Afisa ushirika alikuja na pikipiki, akaketi pembeni, akasema yeye ni shahidi wa utaratibu tu. Walijadili maji kwanza. Nilikaa pale mbele nikingoja washindwe. Nilitaka washindwe, Sekela, hilo sijawahi kulitamka. Nilitaka wabishane mpaka wachoke, waje kwangu waseme, Mwenyekiti, ulikuwa sahihi.

Walibishana kweli. Mama Zawadi na baba yake Yohana walifokeana mpaka mshipa wa shingo ya mzee ukatuna. Lakini katikati ya kufokeana huko mama Zawadi akasema, "Sisi hatuwezi kuomba shamba zima. Tupeni hata jaruba moja moja, tupate chakula na mbegu." Na baba yake Yohana, badala ya kujibu, akakaa chini akaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema jaruba moja kwa kila kaya ya chini, ikinyweshwa kila zamu ya juu inapokwisha, haitaua mpunga wa juu. Mwingine akaongeza kwamba sisi wa juu tukivuna, kila mmoja atoe sehemu ya gunia kwa wa chini, maana maji yao ndiyo tuliyokunywa. Watu wakanung'unika, wakapunguza hapa, wakaongeza pale, wakakubaliana. Mambo hayo hayakuwa magumu. Ni kwamba kichwa changu peke yake, kilichozoea kumalizia sentensi za wenzake, hakikuyafikia.

Kisha ikaja ajenda ya pili, na ajenda ya pili nilikuwa mimi.

Aliyesoma hoja alisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Muda wangu ulikwisha zamani kwa masharti, na nimefunga maji ya wanachama bila kikao. Wanaokubali achaguliwe mwingine nafasi yangu, wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda kutoka nyuma, upande wa mkiani. Sikuihesabu. Nilikutafuta wewe. Ulikuwa umekaa karibu na mama yako kwenye turubai, umeinamisha kichwa. Nikasema moyoni, hatainua. Atainamia hapo hapo mpaka liishe, na sitamlaumu. Ukainua kichwa kwanza, ukanitazama usoni, ndipo ukainua mkono. Uliuinua mpaka juu.

Mama yako mikono yake ilikuwa chini ya kitenge. Njiani kurudi nikamuuliza yeye alikuwa upande gani. Akasema, "Ningeinua na mimi, ila nalala kwako."

Basi chama kikamchagua mama Zawadi. Mvua ilikuja imechelewa, wa juu tulivuna pungufu, wa chini wakavuna jaruba zao, na mwaka ule hakuna nyumba iliyolala njaa. Lakini mimi nyumbani hapa nilikutesa. Nakumbuka vizuri. Niliacha kukuita jina lako. Nilikuita "karani", kwa sababu ulikuwa karani wa ghala la chama, na nililitamka neno hilo kama vile nalitema. Karani, niletee kiti. Karani amelala mpaka saa hizi. Ulikuja na maji ya kunawa kama kawaida na mimi nikawa naamka nanawa mwenyewe bombani. Ulivumilia. Siku moja nilimsikia mama yako jikoni akikwambia, "Atachoka." Ukamjibu, "Na mimi nachoka." Nilisimama nje ya mlango, nikarudi nilikotoka bila kuingia.

Sijui kama unajua nilichofanya msimu uliofuata. Pengine unajua ukanifichia aibu. Nilimpigia mlanguzi simu. Nilimwambia aje achukue mpunga wangu shambani, sipeleki ghalani kwa watu walioniondoa. Alikuja, si yule wa zamani, kijana tu, mwenye simu mbili na kofia. Wasaidizi wake wakatandika magunia. Wakaanza kushindilia. Nikaona gunia linaota kichwa. Nikasimama natazama kamba ikizungushwa, na mama Zawadi akapita juu ya tuta na ndoo ya miche ya mboga kichwani. Aliona. Hakusimama, aliendelea kutembea na mgongo wake umenyooka. Nikamwambia yule kijana, "Mwaga." Akadhani natania. "Mwaga chini, shamba ni langu." Tuligombana, akanitusi, akaondoka na magunia yake matupu. Mpunga wangu niliuzoa na udongo mpaka jioni, na niliufikisha ghalani na kokoto zake. Uliupokea wewe. Ulisema tu, "Tata, huu unatakiwa upepetwe tena." Nikaupepeta.

Mama Zawadi alikuja hapa baadaye. Hakukaa. Akasema, "Jumamosi tunapanga zamu. Wewe ndiye unayejua lango gani linavuja. Njoo." Nikaenda, nikakaa benchi la nyuma. Ilipofika habari ya malango nikaanza kuongea, na mama Zawadi akasema, "Nyoosha mkono kwanza, baba Sekela." Watu hawakucheka. Nikanyoosha. Akampa mwingine nafasi. Nikanyoosha tena, akampa mwingine tena. Jasho lilinitoka pale kama mtoto wa shule. Aliponipa hatimaye, nilichotaka kusema kilikuwa kimeshasemwa na mtu mwingine, tena vizuri zaidi, nikasema tu, "Naunga mkono." Nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi, na siwezi kukueleza vizuri kwa nini.

Sasa nisikilize kuhusu huko uendako. Mwenyekiti wa chama hicho, Mzee Kikoti, ni rafiki yangu wa siku nyingi tangu mafunzo ya viongozi wa ushirika pale Mbeya. Ni mtu mchapakazi, na amekaa kwenye kiti kile muda mrefu, kama mimi. Wiki iliyopita alinipigia simu. Nilikuwa shambani. Baada ya salamu akasema, "Huyu binti yako, ni msikivu?"

"Msikivu namna gani?"

"Unajua mwenyewe, mwenzangu. Bodi ikishapitisha jambo, asije akaanza kuuliza uliza mbele ya wanachama. Wasomi wa siku hizi wana maneno."

Nilijua barua ya ajira unayo, lakini pia nilijua miezi ya majaribio iko mikononi mwake. Nilijua umeomba kazi sehemu ngapi ukakosa. Ilikuwa rahisi kusema, ndiyo, ni msikivu, na lisingekuwa uongo kabisa, kwa sababu unasikia kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nikamwambia, "Mimi nilifunga maji ya watu bila kikao. Huyo ndiye aliyeinua mkono nikaondolewa."

Kisha akauliza, "Na bado mnakaa nyumba moja?"

"Tunakaa. Tunakula meza moja."

"Na wewe unaniletea mimi mtu kama huyo."

"Sikuletei. Mmemchukua wenyewe. Nakwambia tu ni nani."

Akavuta pumzi. Akasema, "Haya, aje." Sauti yake sikuielewa, mwanangu, na sitaki kukudanganya kwamba niliielewa. Pengine nimekufungulia mlango, pengine nimekuwekea jiwe mlangoni. Nimekaa na hofu hiyo tangu siku ile, na ndiyo maana unaniona sitoki barazani. Utakapofika atakutazama kwa muda kabla ya kukusalimia. Ujue sababu. Msalimie vizuri, ni mtu mzima, na usimdharau kwa sababu ya maneno yangu haya. Mimi pia nilikuwa mtu mzuri nikiwa na ufunguo mfukoni.

Sitakwambia lini useme na lini unyamaze. Hilo hata mimi sikulijua. Ila kuna siku nawe utakuwa na haraka, na hesabu yako itakuwa sawa, na watu watakuwa wanabishana mambo ya kipuuzi huku mpunga unakauka. Utataka kujibu neno moja kama nililokujibu mimi mezani. Siku hiyo nipigie simu kabla hujajibu. Sitakuwa na la maana la kukwambia, lakini mpaka tumalize kusalimiana na kuulizana habari za mama yako, utakuwa umepoa.

Barua hii nitakupa mkononi kesho, basi likishasimama. Usiifungue mbele yangu. Ungeniuliza kwa mdomo ningeanza habari za mbolea, kwa hiyo nakuandikia: siku ile ghalani ulifanya sawa. Nilijua tangu mkono wako ukiwa bado juu.

Mama yako anaita chakula. Nasikia unapanga sahani. Nakuja.

Tata